Baraza la kusomeana: mwongozo kamili wa kulianzisha na kulivusha wiki nane

Watu wananijia na malalamiko yaleyale. "Nilianza kuandika nikaacha." "Tulianzisha kikundi cha washairi, kikafa mwezi wa pili." "Simu yangu ina majina mia mbili, lakini sina hata mmoja wa kumsomea nilichotunga." Wengine wamejaribu mara tatu, mara nne. Nimekaa nao nikawauliza walivyofanya, na karibu wote wamejikwaa palepale. Wanataka kwanza watunge peke yao, wajirekebishe peke yao, na wakishakuwa wazuri ndipo watafute watu.

Mimi naomba ugeuze. Tafuta mapema watu wa kukungoja. Daftari husahaulika kirahisi, lakini mtu aliyekaa barazani na kahawa yako imeshamiminwa hasahauliki.

Ninaposema baraza la kusomeana, nakusudia watu wanne wanaokutana mara moja kwa wiki, kila mmoja na kitu alichokitunga mwenyewe wiki hiyo. Kinaweza kuwa shairi, barua, kisa cha kurasa mbili, hata maelezo ya mlango anaouchonga. Kila mmoja anasoma, wengine wanasikiliza, kisha wanasema. Hatua ni hizi saba. Usiruke hata moja, hasa ya kwanza.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo la kuingia mfukoni na kalamu mbili. Usiandikie kwenye simu, nitaeleza sababu.
- Dakika 20 kila siku, saa ileile.
- Saa moja na nusu kwa wiki, siku ileile.
- Watu watatu, wewe wa nne.
- Mahali pa kukaa pasipo spika wala televisheni.
- Kahawa na kitu cha kutafuna: kashata, kaimati, kachiri za muhogo, chochote.
- Ahadi ya wiki nane. Isizidi hapo kwa kuanzia.

Pesa ya ukumbi haihitajiki, wala jina la kikundi, wala fulana. Nimeona watu wakitumia wiki tatu kubishania jina, na siku ya kusoma hakuna aliyekuja na karatasi.

## Hatua ya 1: Siku 14 peke yako na daftari

Kabla hujamwalika mtu, andika siku 14 mfululizo. Kila siku ukurasa mmoja, kuhusu kitu kimoja ulichokiona siku hiyo kwa macho yako.

Sababu ni kwamba ukiita watu huku mkono mtupu, utageuka mwenyekiti. Utapanga, utakumbusha, utasimamia, na hutasoma. Baraza lenye mwenyekiti asiyetunga halichelewi kuwa mkutano.

Tazama kurasa mbili za mtu mmoja, anayevuka kwa feri ya Likoni, Mombasa, kila asubuhi kwenda kazini. Ya siku ya pili ilikuwa hivi:

"Leo feri ilikuwa na watu wengi sana. Nilichoka. Maisha ni magumu lakini tusikate tamaa."

Na hii ya siku ya kumi:

"Mama mmoja amebeba ndoo ya mahamri, ameifunika kanga. Kila feri ikitikisika anaweka kiganja juu ya kanga, kama anayemtuliza mtoto."

Ni mtu yuleyule na feri ileile. Ukurasa wa kwanza angeweza kuuandika akiwa kitandani bila kuvuka. Wa pili ulimtaka atazame. Hakuna aliyemfundisha, siku nane za kukosa la kuandika ndizo zilizomfanya ainue macho. Ndiyo maana nakuambia 14 na si tatu. Siku tatu za mwanzo mtu humwaga maneno aliyoyazoea, ya nne na ya tano anakauka, na baada ya hapo ndipo anapoanza kuona.

Sasa hilo la simu. Ukiandika kwenye simu, ujumbe unaingia katikati ya sentensi. Halafu ni rahisi mno kukibandika ulichoandika papo hapo watu wakipende kwa kidole. Usifanye hivyo siku hizi 14. Zile alama za kupenda hushibisha hamu kabla chakula hakijaiva, na kesho yake hutakuwa na njaa ya kuandika.

Tahadhari nyingine: usisahihishe. Ukirudi ukurasa wa jana kukata maneno, wa leo hautaandikwa.

Utajua umefaulu: una kurasa 14, nyingi hazina maana, lakini mbili au tatu ukizipitia unatamani mtu mwingine azisikie. Tamaa hiyo ndiyo tiketi ya hatua inayofuata. Kama haipo, ongeza siku saba.

## Hatua ya 2: Kuwachagua watatu

Makosa makubwa hufanyika hapa. Watu hutangaza: wanaweka kwenye hadhi ya WhatsApp, wanaingiza watu 40 kwenye kundi, na kila mmoja anajibu "wazo zuri sana". Nililifanya hili mimi mwenyewe. Kundi langu lilikuwa na watu 43, na siku ya kikao cha kwanza tulikuwa wawili. Mwaliko wa watu wengi haumgusi mtu yeyote, kwa sababu kila mmoja anaamini wengine watakwenda.

Alika mmoja mmoja, ana kwa ana, kwa sauti. Maneno haya yamefaa mara nyingi:

"Maalim, nimekuwa nikiandika kitu kidogo kila siku. Nataka watu watatu wa kusomeana Jumapili alasiri, wiki nane tu. Ningependa uwe mmoja wao. Si lazima uwe mshairi, lete chochote ulichokitunga."

Angalia yaliyomo. Umemwambia unachofanya tayari, kwa hiyo si ndoto. Umemwambia ni watatu, kwa hiyo akikosa kuja, nafasi yake itaonekana. Na umemwekea mwisho. Wiki nane zinampa mtu mlango wa kutokea kwa heshima, na mtu mwenye mlango huingia kwa moyo mkunjufu zaidi.

Watatu gani? Tafuta aliyekuzidi umri. Tafuta mwenye kazi ya mikono: fundi, mshonaji, mpishi. Na mmoja ambaye huwa hamkubaliani lakini mnaheshimiana. Usimwalike unayemdai, anayekudai, wala bosi wako. Hutasoma ya kweli mbele yao. Usimwalike rafiki ambaye kila ufanyalo kwake ni zuri. Anakupenda, na upendo wake uhifadhi kwa mambo mengine. Mume na mke kwenye baraza moja sipendekezi kwa wiki nane za mwanzo. Nimeona swali kuhusu shairi likigeuka swali la nyumbani, na wengine wawili wakabaki kutazama vikombe.

Kwa nini wanne? Hesabu. Kila mmoja anahitaji kama dakika 17 za kusoma na kusikilizwa vizuri, nazo zinakaribia dakika 70. Habari na kahawa dakika 20. Mkiwa saba, ama mtakaa hadi usiku au mtaanza kuharakishana, na anayeharakishwa harudi.

Utajua umefaulu: mmoja wao amekuuliza, "Nije na nini?" Anayeuliza hivyo atakuja. Anayesema "tuko pamoja" mpigie hodi tena.

## Hatua ya 3: Mahali na saa

Jumapili saa 10 na nusu, baada ya Alasiri, kumalizika saa 12. Magharibi ya Mombasa haihamihami sana. Mwaka mzima huingia katika ile saa ya kwanza baada ya saa 12 jioni, kwa hiyo adhana itawamalizia kikao bila mtu kuangalia saa. Ni mwisho usiomuudhi yeyote, hata kwa wasiokwenda msikitini.

Kama mmoja wenu anatoka Likoni, mfikirie kwanza yeye. Bustani ya Mama Ngina iko karibu na kivuko, mibuyu ina kivuli, na kachiri na madafu mnayapata hapohapo. Kama nyote ni wa Mji wa Kale, baraza ya nyumba ya mmoja wenu inatosha. Wanawake wengi hupenda uani au sebuleni kuliko njiani, na baraza likiwa la mchanganyiko waulize wao kwanza ndipo upange. Mwezi wa Aprili na Mei tafuteni paa, mvua za masika hazina miadi. Ramadhani hamishieni baada ya tarawehe.

Pakishachaguliwa pasibadilishwe. Kila mahali papya ni sababu mpya ya kutokuja.

## Hatua ya 4: Kikao chenyewe

Hapa ndipo mabaraza mengi hufia, tena yanafia mdomoni. Mtu anasoma, wa kwanza anasema "hongera, umetisha", wa pili anaanza kusahihisha vina, wa tatu anasimulia kisa chake mwenyewe. Aliyesoma anaondoka hajui kama alisikika.

Fuateni mpangilio huu bila kuubadilisha wiki tatu za mwanzo.

Kwanza, habari, dakika 10. Salamu za kweli. Mama anaendeleaje, mtoto amepata shule, kazi imekuwaje. Usiziruke ukidhani unaokoa muda. Mtu aliyeulizwa hali ya mamake atasoma kwa sauti tofauti.

Pili, simu mfukoni. Zisiwekwe mezani, hata zikilazwa kifudifudi. Jicho linaijua ilipo.

Tatu, kusoma mara mbili. Mara ya kwanza sikio linazoea sauti, mara ya pili linasikia maneno. Msomaji asianze na udhuru. "Hii sikuimaliza vizuri, samahanini" ni sentensi iliyopigwa marufuku kwenye baraza letu, kwa sababu inawaambia wasikilizaji wasitarajie kitu.

Nne, kimya. Pumzi tano. Wiki ya kwanza mtaona taabu kukaa bila kusema. Vumilieni.

Tano, kurudisha. Kila msikilizaji anarudisha maneno aliyoyashika, yalivyosomwa, bila kuyasifu wala kuyaponda. "Nimeshika 'kiganja juu ya kanga'." Basi, anayefuata. Ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya mwongozo huu, ningechagua hii. Mtu akisikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mwingine, anajua yamefika. Na pale ambapo hakuna aliyeshika chochote, anajua pia, bila ya mtu kumuumiza.

Sita, swali moja kwa kila mtu. Liwe swali ambalo kweli hujui jibu lake. "Huoni ingekuwa bora ukiondoa ubeti wa tatu?" hilo ni agizo limevaa kanzu ya swali.

Saba, ushauri, ukiombwa tu.

Nikuonyeshe swali linavyofanya kazi. Kwetu alikuja fundi seremala na shairi la kumsifu marehemu babake. Vina vilikaa, mizani, yaani hesabu ya silabi, ilitimia: minane kwa minane kila mshororo, mishororo minne, hakuna ubeti uliopungua mizani 64. Alisema baba alikuwa mwema, mpole, mkarimu, nguzo ya nyumba. Tulipofika kwenye kurudisha, tukakwama. Hakuna aliyekuwa na neno mkononi, kwa kuwa kila baba aliyekufa ni mwema na mpole.

Mmoja wetu, mama anayeshona nguo, akamuuliza: "Ami, mara ya mwisho ulimkumbuka lini?"

Fundi akanyamaza, kisha akasema, "Jana. Nilishika randa yake. Pale alipokuwa akishika yeye, mpini umeng'ara, na mkono wangu unaingia palepale."

Hatukumwambia kitu. Jumapili iliyofuata alileta ubeti mmoja tu:

Randa yake naishika, mpini wake wang'ara,
Kiganja kimezoeka, hapana tena papara,
Mbao ikilainika, namuona akichora,
Mkono ulotoweka, bado wanipa ijara.

Mizani ni ileile 16 kwa mshororo, vina ni kamili kama vya wiki iliyopita. Lakini safari hii watatu sote tulirudisha mshororo wa mwisho, na muuza kahawa aliyekuwa amesimama nyuma yetu na dele lake, lile birika la kahawa, akaacha kugonganisha vikombe.

Lile swali halikuhusu shairi hata kidogo. Lilimhusu mtu. Ukimuuliza mtu kwa kutaka kujua, utunzi hujirekebisha wenyewe nyumbani kwake, na ninyi wawili mnakuwa mmejuana.

Tahadhari: mtu akitokwa na machozi, msikimbilie kumfariji kwa maneno mengi. Mmiminie kahawa, mngoje, muulizeni kama anataka kuendelea. Na yanayosomwa barazani yabaki barazani. Likisemwa sokoni moja tu, baraza limekwisha.

Utajua umefaulu: mkiagana, kila mmoja anaweza kutaja angalau maneno matano ya mwenzake kwa kichwa.

## Hatua ya 5: Siku sita za katikati

Baraza linaishi Jumapili lakini linalishwa kati ya Jumatatu na Jumamosi. Endelea na dakika zako 20. Na mara moja katika wiki, fanya kitu kimoja kwa mmoja wa wenzako kisichohusu kuandika: pita kibandani kwake, mpelekee mbaazi, mpigie simu kwa sauti badala ya kumwandikia.

Mwenzetu mmoja alikosa Jumapili mbili. Tulimwandikia "uko wapi?", hakujibu, na mmoja wetu akaanza kusema kwamba hana nia. Jumanne tulikwenda kwake wawili. Mamake alikuwa amelala hawezi, na yeye ndiye aliyekuwa akimlisha na kumgeuza usiku. Tulikaa kwenye baraza ya nje kama nusu saa. Hatukutaja shairi. Alipotusindikiza alitoa mfukoni lile daftari. Alikuwa akiandika kila usiku karibu na kitanda, mistari miwili mitatu, kwa mwanga wa simu.

Tangu siku hiyo tuna kanuni: akikosa mara moja, piga simu. Akikosa mara mbili, nenda kwake kwa miguu yako. Usimwulize kwa nini hakuja. Muulize hali.

Kwenye hitima, arusi, na mgonjwa hospitalini, nendeni kama mlivyo, wanne. Mtu hawezi kukusomea lililo moyoni Jumapili kama hukuonekana kwake Jumatano alipokuwa na msiba.

## Hatua ya 6: Wiki ya nne na ya tano

Tarajia mtikisiko. Huja karibu kila mara, na huja kwa sura hizi.

*Mmoja anasema "sina kitu wiki hii."* Aje hivyohivyo na asome ukurasa wowote wa daftari, hata ule wa orodha ya sokoni. Akiruhusiwa kuja kusikiliza tu, wiki ya pili atakuwa mgeni mbele ya wenzake.

*Mmoja anazungumza kupita kiasi.* Mpe kazi ya kushika saa. Kwa kawaida ndiye anayeipenda kazi hiyo zaidi, na mwenye kuhesabu dakika za wengine hujisikia mwenyewe anapozidisha.

*Mmoja ameumizwa na neno.* Aliyelisema aende kwake kabla ya Jumapili, peke yake, aombe radhi bila kuongeza "lakini". Msilisuluhishe kikaoni.

*Kahawa inalipwa na mtu yuleyule.* Inaonekana jambo dogo, kumbe ndilo linaloleta kinyongo cha kimyakimya. Pokezaneni kwa zamu tangu wiki ya kwanza, na aliyekwama asilazimike kueleza.

*Hamu imeshuka tu, bila sababu.* Badilisheni zoezi mara moja: wote mtunge kuhusu kitu kimoja, kwa mfano ufunguo, au harufu ya soko la Marikiti saa nne asubuhi. Au mmoja atunge ubeti wa swali na mwenziwe amjibu kwa mizani na vina vilevile. Kujibizana kwa mashairi kumezoeleka Mombasa tangu enzi za Muyaka bin Haji, malenga wa zamani wa mji huu, na hata asiyewahi kutunga hujikuta akihesabu mizani kwa vidole ndani ya matatu.

Utajua umefaulu: wiki ya sita mko wanne walewale.

## Hatua ya 7: Jumapili ya nane

Kila mmoja alete mgeni mmoja, na kila mmoja asome kitu kimoja tu, kile anachokipenda zaidi katika wiki zote. Wageni nao warudishe maneno waliyoyashika. Msiifanye sherehe kubwa. Wageni wanne, kahawa, halua kidogo.

Wageni wakiondoka, bakini nyinyi wanne kwa dakika kumi. Kila mmoja aseme kama anaendelea kwa wiki nane nyingine au anapumzika. Anayepumzika ashukuriwe, wala asibembelezwe. Nafasi yake achukue mmoja wa wale wageni, yule aliyeuliza atakuja na nini.

Sisi tuko kwenye mzunguko wa tano sasa. Yule mwenye mama mgonjwa alipumzika mzunguko mmoja, kisha akarudi na madaftari mawili yaliyojaa. Jumapili hii ni zamu yake kununua kashata, na fundi ameahidi kuja na beti tatu kuhusu mlango alioutoa juzi kwenye nyumba inayobomolewa. Leo usiku, kabla hujalala, wewe andika ukurasa wa kwanza.